Upande wa Nyuma

Nimefika Oleba na kalamu mbili za risasi,
saa ya kuhesabia sekunde ikining'inia shingoni kama filimbi ya refa,
na hadithi moja ya sentensi saba, kwa Kiingereza,
iliyochapwa Kampala, ikavishwa nailoni
isichakazwe na vidole vya watoto mia tatu.

Hadithi yenyewe ni hii: Rose katumwa chumvi.
Njiani kuna daraja. Sarafu imemponyoka, imezama.
Rose analia.
Basi. Haiendi mbele.
Maswali ni manne. Majibu yake
yako kwenye karatasi yangu, hayaonyeshwi mtu.

Andama ndiye wa kwanza, darasa la tano,
kasimama wima, mashati mawili kavaa, la shule juu.
Na anasoma! Maneno themanini na mawili kwa dakika,
mashine ya muhogo iliyotiwa dizeli asubuhi ile ile,
kwenye chumvi hakwami, kwenye daraja hakwami.
Mama yake kauacha ufuta kwenye ungo.
Baba mtu, mlangoni pa banda la tumbaku, anasema,
"Huyo ni daktari, huyo."

Nauliza: Rose alitumwa nini?

Andama anaitazama karatasi
kama mtu aliyeulizwa rangi ya nyumba
aliyoipita usiku, akikimbia.
"Rose," anasema.
Nasubiri sekunde kumi na tano, ndizo nilizopewa.
"Rose," anasema tena, sasa kwa sauti ndogo.
Sifuri haichoshi mkono, ni duara moja tu.
Nimeandika nne, nikimpa baba mgongo.

Nyumba ya pili, Ocokoru.
Miaka kumi na moja, darasa la tatu;
msimu wa kuchuma tumbaku hula mihula yake.
Anasoma kwa kidole,
neno moja kalivunja mara tatu, kalirudia, kalipata,
akacheka peke yake.
Dakika imekwisha: kumi na tisa.

Kanuni inasema: chini ya ishirini usiulize kitu.
Mshukuru mtoto, nenda nyumba nyingine.
Nimemshukuru.
Yeye hajanisikia, yuko darajani.
Saa nimeizima, kidole kinatembea,
kuku kapita juu ya mguu wake, kidole kinatembea,
mpaka nukta ya mwisho.

Kisha, kwa Kilugbara: "Maji yalikuwa na kina gani?"
Nikamwambia karatasi haisemi.
"Kiangazi angeshuka akaipapasa.
Kwa hiyo ilikuwa masika.
Na masika ile, nani kamtuma mtoto peke yake?"
Karatasi haisemi, mwanangu.
"Wewe umeandikiwa analilia nini?"
Kusema jibu ni mwiko. Nikasema: sarafu.
Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayenionea huruma.
"Sarafu imeshakwenda. Analilia kurudi."

Usiku, kwenye gesti ya Maracha, umeme umekatika,
tochi naiuma kwa meno, najaza fomu.
Kijiji. Jinsia. Umri. Maneno kwa dakika.
Andama: 82. Ocokoru: 19.
Kwenye safu ya ufahamu wana sifuri sawa,
wa kwanza kwa kushindwa, wa pili kwa kutoulizwa.
Pembeni niliandika kwa risasi, *analilia kurudi*,
nikafuta; mashine ya kule hukataa fomu yenye maneno ya ziada.
Imebaki alama ya kijivu. Nimeifuta tena,
karatasi ikaanza kutoboka.

Nalala, silali.
Andama keshokutwa atasoma barua ya baba yake kutoka benki,
yote, bila kukwama,
na wazee watapiga makofi.

Na Ocokoru, kabla hajanirudishia ile nailoni,
aliigeuza.
Alitaka kuona kama hadithi inaendelea.
Nyuma palikuwa na nembo sita za wafadhili, za rangi,
naye akaziwekea kidole, moja baada ya nyingine,
akijaribu kuzisoma.